Yai Lisilo na Kivuli

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku nyumbani wote wazima. Baba goti linamsumbua kila akipanda ngazi, ila akiitwa kula hupanda bila kulikumbuka. Mama amepata tenda ya kushona sare za shule na sebule yote imejaa vitambaa. Tunakaa juu ya kola. Watu wakiandika barua husema, "Mimi ni mzima, hofu ni juu yako." Mimi nitasema ukweli: wewe najua hujambo. Hofu ni juu yangu mwenyewe.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu zako nazijua. Unapokea, unasema, "Mzima? Haya, nina mteja," unakata. Jambo hili nataka ulisome umekaa.

Ile kazi niliipata. Mimi ni karani katika kampuni inayootesha miche ya mboga na kuwauzia wakulima, na bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Zamani miche ilioteshwa nje chini ya nyavu, lakini wadudu na jua kali vikaimaliza misimu miwili mfululizo, ndipo Mkurugenzi alipoamua tuoteshe ndani, kwenye ghala la zamani nyuma ya ofisi, chini ya taa. Taa zimefungwa, trei zimepangwa kwenye vichanja, mbegu zimeota. Tatizo ni kuta. Ghala lilipakwa rangi ya mafuta ya kijani iliyokolea, na kuingia humo ni kama kuingia ndani ya chupa. Kuta zinameza mwanga. Miche ya katikati, iliyo chini ya taa hasa, ni mifupi, imenenepa shina. Ya pembeni imerefuka shingo, imepauka, na yote imeinamia katikati kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani.

Kwenye kikao Mkurugenzi alisema kuta zote zifunikwe kwa kitu kinachorudisha mwanga kwenye miche, akauliza nani atachunguza ni kitu gani na kumletea pendekezo. Wakati huohuo mimi nilikuwa nimeinua mkono kuomba dirisha lifunguliwe.

"Vizuri sana, Karani," akasema.

Wakapiga makofi. Ningesemaje tena kwamba nilitaka hewa?

Pendekezo linatakiwa katikati ya Aprili, kabla hatujasia mbegu za oda kubwa ya chama cha wakulima, ambayo lazima iwe tayari masika yakiisha. Mkurugenzi hakunificha kitu. "Chumba hiki kikitoa tena miche ya shingo ndefu, nakifunga, na kitengo kizima nakifunga." Kitengo kizima ni Bwana Shamba, mzee anayemwagilia, na mimi. Bwana Shamba, ambaye ndiye mtaalamu wetu wa mimea, anataka plastiki ya fedha inayong'aa kama kioo. Mkurugenzi ameshaipenda. Fundi rangi anasema rangi nyeupe. Muuza vifaa anasema vioo vyenyewe, lakini yeye anauza vioo. Nimesoma kila nilichokipata, na kila anayeandika anavutia kwake.

Wewe umezeekea studio ya picha ukirudisha mwanga kwenye nyuso za watu. Niambie, Shangazi, ukuta upi? Naogopa kuweka sahihi chini ya kitu nisichokijua.

Wako,
Kobe


21 Februari

Kobe wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa, dirishani, mara mbili, maana kalamu yako ya bluu ni nyembamba kama mguu wa mbu. Mara nyingine tumia nyeusi, nene. Siku hizi wenye viwanda vya kalamu wanabania wino.

Mwambie kaka yangu kwamba tatizo si goti, ni kile ambacho goti linabeba. Mama yako mwambie nampongeza, na asikubali kulipwa kwa ahadi.

Hujabadilika. Ulipokuwa mdogo, mgeni akigonga mlango ulikuwa ukivuta kichwa ndani ya gauni mpaka aondoke. Ndiyo maana nikakuita Kobe, na wenye roho ndogo wakasema nakutukana. Sasa umeomba hewa ukapewa ghala. Hata hilo ni jema. Kuna watu wanainua mkono maisha yao yote hawapewi kitu.

Sikiliza. Mwanga ni kama umbea. Kioo ni yule mtu anayelichukua neno na kulipeleka kwa mmoja tu, motomoto, vilevile alivyolisikia. Huyo mmoja ataungua, na jirani yake hatajua lolote. Ukuta mweupe usiong'aa ni yule anayelisimulia mtaa mzima. Kila mmoja anapata kidogo na hakuna anayelala njaa. Nikimpiga picha bibi harusi nataka mtaa mzima. Na miche yako, kwa akili yangu, inataka mtaa mzima.

Usiniamini mimi, liamini yai. Kabla mteja hajakaa kwenye kiti, mimi huweka yai pale uso wake utakapokuwa. Liwe jeupe, na liwe la kuchemsha, maana bichi liliwahi kunifanyia visa mbele ya mchungaji. Yai lina mviringo kama shavu la mtu. Upande wa taa utang'aa, upande wa pili utashika kivuli. Sogeza kitambaa, sogeza ubao, mpaka kivuli kilainike. Yai halina adabu ya kukusifia. Liweke kati ya miche yako, pale pembeni penye shida, ujaribu kila kitu kwa zamu. Na usitazame ukiwa umesimama mlangoni. Ukiwa mlangoni kila chumba ni kizuri.

Lakini nikupunguzie kazi. Leo asubuhi nimeweka yai mezani hapa studio, karibu na ukuta wangu wa chokaa, uleule alioupaka marehemu mume wangu. Hakuna kivuli. Sisemi kidogo. Hakuna kabisa, yai jeupe pande zote kama limewashwa taa kwa ndani. Basi weka chokaa, weka sahihi yako, ulale usingizi. Shangazi yako amesema.

Studio inakwenda. Ila wateja wa siku hizi wana maneno. Mmoja amerudisha picha za mwanawe, ati zina ukungu. Nikamwambia mtoto ndiye aliyetikisika.

Ni mimi nisiye na wasiwasi,
Shangazi


15 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Kama unavyoona, naandika kwa kalamu ya kuandikia maboksi. Baba amekubali habari ya uzito. Kupungua ndiko hajakubali. Mama amemaliza kola, sasa tunakalia mikono ya mashati. Barua yako aliisoma kwa sauti mezani, na alipofika kwenye umbea akaniuliza, "Shangazi yako ana maana gani hasa?" Nikamwambia ni mambo ya taa.

Nimefanya kama ulivyonielekeza. Seremala alinikatia mbao za plaiwudi zenye urefu wa kichanja. Mmoja nikaubandika plastiki ya fedha, mmoja foili ya jikoni, mmoja nikaupaka chokaa, na mmoja rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, ile inayopakwa bafuni. Nikawa nausimamisha mmoja mmoja kando ya miche ya pembeni, naweka yai kati ya trei, napiga magoti kutazama. Siku ya kwanza Bwana Shamba akanikuta hivyo.

"Karani," akasema, "kama unataga sema tukupishe."

Siku ya pili nilirudi kutoka chakula cha mchana nikakuta yai halipo. Nikauliza. Akajifuta mdomo. "Sikujua lilikuwa kazini," akasema. Tangu hapo yai nalifungia kwenye droo yangu.

Sasa matokeo. Plastiki ya fedha, ukiwa mlangoni, ni ajabu tupu. Mhasibu alipochungulia alisema chumba kimekuwa kama duka la vito. Lakini yai liliniambia mengine. Mahali plastiki ilipotuna kidogo lilipata mchirizi mweupe unaoumiza macho, na kandokando yake giza lilelile. Bwana Shamba anasema ikivutwa ikanyooka sawasawa hakuna kitu kinachoirudishia miche mwanga mwingi zaidi, na naamini ni kweli. Lakini ghala letu linatoka jasho. Baada ya siku chache nilibandua kona moja, nyuma yake maji yalikuwa yamekaa na ukungu umeanza. Foili ilikunjamana nikiibandika tu, na kila mkunjo ulirusha mwanga upande wake. Kati ya zote ndiyo iliyofifia zaidi.

Rangi nyeupe ilikilainisha kivuli vizuri. Hakikuisha, lakini ukingo wake ulipotea, na ukiuliza upande wa pili wa yai unaanzia wapi huwezi kusema.

Chokaa, Shangazi, ndiyo inayonisumbua. Kivuli kilibaki. Kilipungua, sikatai, lakini kilibaki wazi. Na mzee wa kumwagilia alipopitisha maji, chokaa ilichuruzika ikaipaka miche ya mbele weupe, ikawa kama iliyomwagikiwa unga. Pengine nimeichanganya vibaya. Pengine ilitakiwa kupakwa mara nyingi zaidi. Nimeiandika kwenye rasimu ya pendekezo kwa sababu wewe umesema, na kwa sababu nikikosea pamoja nawe sitakuwa nimekosea peke yangu. Lakini kila nikiisoma rasimu mkono unanitoka jasho kama ghala.

Naomba uliweke yai tena, ukutani pale pale, uniambie kama kweli hakuna kivuli. Na studio ikoje? Yule mwenye mtoto aliyetikisika alirudi?

Wako,
Kobe


3 Aprili

Kobe,

Marahaba.

Nimechelewa, nilikuwa na kazi.

Nimeliweka yai. Halina kivuli. Nimeliweka asubuhi, nimeliweka saa sita, nimeliweka jioni nimewasha taa. Halina. Nilikuwa nikitazama mwanga kabla baba yako hajajifunza kuvuka barabara, sasa wewe na ubao wako wa plaiwudi mnaniambia nimeona nini?

Ili usinisumbue, nimelipiga picha, nimekuwekea ndani ya bahasha hii. Tazama mwenyewe. Nimepiga kwa kamera yangu ya siku zote, nimelenga kwa mkono wangu.

Yule mwenye mtoto hakurudi. Wala sikumwita. Studio siku hizi nafungua mchana tu, watu asubuhi hawana nyuso za kupigwa picha.

Weka chokaa.

Shangazi


18 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wote wanakusalimu. Baba amepanda ngazi leo bila kulalamika, lakini alikuwa anamkimbia Mama mwenye sindano.

Leo nitaandika kama watu wengine wanavyoandika. Mimi ni mzima. Hofu ni juu yako. Ila nitaanza na chumba, maana nikianza na jambo lako utaiweka barua chini.

Picha ilifika siku moja kabla ya kikao. Niliitazama mezani kwangu, kisha dirishani, kisha nikamwomba mhasibu aitazame bila kumwambia lolote. "Naona yai," akasema, "limefifia. Nyufa za ukuta nyuma yake ndizo zilizotoka vizuri. Na kivuli chake kikubwa." Shangazi, yai lina kivuli. Kiko upande wa kushoto, kimeanzia chini ya tumbo la yai mpaka ukingoni mwa meza, cheusi kama sufuria lililoungua. Na ukuta wako si mweupe tena.

Nilikaa na rasimu mbele yangu. Ilikuwa na jina lako ndani yake, ingawa wasomaji wasingeliona: kila palipoandikwa chokaa palikuwa ni wewe. Kulifuta nilihisi kama nakujibu mbele za watu. Lakini wewe ndiwe uliyeniambia nisikuamini wewe, niliamini yai. Nikaichana. Nikaandika upya: rangi nyeupe ya bafuni kwenye kuta zote, baada ya rangi ya mafuta kukwanguliwa, la sivyo nyeupe itababuka, na mlangoni, ambako hakuna ukuta, pazia la plastiki nyeupe. Plastiki ya fedha hapana.

Basi fikiria mimi kumwambia Mkurugenzi hapana.

"Karani," alianza, "nasikia unatembea na mayai."

Watu wakacheka. Nilihisi kichwa kinarudi ndani ya gauni, Shangazi, nakuapia. Nikafanya kitu pekee nilichoweza kukifanya bila sauti: nikatoa yai kwenye mkoba, nikainuka, nikatoka. Nilipogeuka walikuwa wananifuata wote, nadhani walifikiri nimechanganyikiwa. Ghalani nikaliweka kwenye trei ya pembeni, nikasimamisha ubao wa fedha. Mkurugenzi alisimama mlangoni.

"Mbona kunapendeza," akasema.

Ndipo sauti ikaja, sijui ilikuwa wapi. "Mama Mkurugenzi, miche haisimami mlangoni. Naomba uchuchumae."

Mzee wa kumwagilia akaacha kumwagilia. Mkurugenzi akaitazama sketi yake, akanitazama mimi, akachuchumaa. Nikachuchumaa kando yake, nikamwonyesha mchirizi na giza lililo jirani yake, nikabandua kona akaona ukungu. Kisha nikaweka ubao mweupe. Alikaa pale akizungusha kichwa kama anayesikiliza yai. Bwana Shamba naye akachuchumaa, akanung'unika, "Kiwango cha mwanga kinapungua." Nikamjibu kinapungua kidogo, lakini kinafika kwa wote. Akafikiri. "Na ukungu sitaupata," akasema. "Haya. Mimi nakubali, Mama. Ukungu ungeniua kabla ya shingo ndefu."

Mkurugenzi akaomba mkono wa kumwinua. Akasema, "Ikishindikana, Karani, unajua." Nikasema najua. Fundi rangi ameanza kukwangua jana.

Sasa wewe.

Kalamu nyembamba. Mistari yako inayopanda kama inakwenda ghorofani. Mtoto aliyetikisika. Studio inayofunguliwa mchana. Yai jeupe pande zote kama limewashwa taa kwa ndani. Sijui mambo ya macho na sitajifanya daktari, lakini mtu anayepiga picha yai akalenga ukuta haoni yai. Umeliona hilo kabla yangu, naamini, na hukutaka kuliandika. Mimi najua sana kutotaka kuandika.

Usinijibu habari ya chumba. Nijibu hili tu.

Mpwa wako,
Kobe


14 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na samahani kwa kimya. Barua yako ilinikasirisha wiki nzima. Wiki ya pili nikamkasirikia mwenye kiwanda cha kalamu. Ya tatu hakukuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia.

Ni mtoto wa jicho. Daktari aliniambia Januari, macho yote mawili, na wa jicho la kulia ameshakomaa. Mimi sikujaliwa mtoto wa tumbo, nimepewa wa jicho tena pacha. Ndivyo nilivyomwambia, akacheka, akanipa tarehe ya kupasuliwa. Nikamwambia siku hiyo nina harusi ya kupiga picha. Hakukuwa na harusi. Hakujakuwa na harusi tangu mwaka jana.

Asubuhi jua likiingia dirishani sioni kitu, mwanga wote unanirudia usoni kama nimesimama mbele ya ile plastiki yenu ya fedha. Nawajua wateja kwa kikohozi. Lile yai nililiona jeupe pande zote na nikafurahi, Kobe. Nilidhani chokaa ya mume wangu bado ni nzuri. Ungeandika chokaa kwa neno langu ungefukuzwa kazi, na ningekuwa mimi niliyekufukuza. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Unasema hofu ni juu yangu. Basi chukua: naogopa. Nimekuambia ujinga wote wa mlango na kioo, na mimi sijawahi kuogopa kitu kama ninavyoogopa mtu kunishika jicho na chuma. Mkono nisingeogopa. Mguu wangechukua. Jicho ndilo kazi. Nikilikosa nitakuwa mwanamke mwenye kamera ukutani. Afadhali ukungu huu naoujua.

Usimwambie baba yako, atapanda basi na goti lake.

Shangazi


29 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wazima, na Baba sijamwambia, ingawa Mama ameshamaliza sare na sasa ana muda wa kunitazama usoni.

Miche imeondoka. Wenye chama walikuja na lori asubuhi, wakatoa trei ya pembeni, wakatoa ya katikati, wakaziweka chini sambamba, na mzee wa kumwagilia akawauliza, "Haya, ipi ni ipi?" Hawakujua. Hata Bwana Shamba hakujua, akajifanya anajua. Shingo fupi zote, wima zote. Mkurugenzi alipita ofisini kwangu akaacha barua ya kuthibitishwa kazini mezani bila kusema kitu, akarudi, akasema, "Na lile yai liandikwe kwenye vifaa vya kitengo."

Palepale, kabla woga haujanikumbuka, nikaomba likizo ya wiki moja. Alisema, "Leo leo?" Nikasema leo leo. Amenipa.

Kwa hiyo nakuja. Tarehe mpya nimeshaiomba kwa daktari wako kwa simu, namba niliipata hospitalini kwenu, niliongea naye mwenyewe, nilitetemeka mpaka simu ikagonga hereni. Hataki harusi nyingine.

Hunihitaji nikuambie usiogope. Sina ujuzi huo. Lakini kuogopa huku nikienda, Shangazi, hiyo ni fani yangu. Nimeisomea tangu nikiwa ndani ya gauni. Nitakufundisha njiani. Unavuta pumzi, unatazama chini, unapeleka mguu mmoja. Kichwa kitafuata chenyewe.

Nitakuja na mayai.

Kobe


2 Julai

Kobe wangu,

Marahaba, mara mia. Umeondoka na nyumba imekuwa kimya. Jirani ananiuliza yule binti aliyekuwa akitetemeka kuliko mgonjwa amerudi kwao? Nikamwambia ndiye huyo, na ndiye aliyenipeleka. Daktari amesema jicho la kushoto tutalifuata baada ya miezi miwili. Mkurugenzi wako mwambie ajiandae kutoa likizo nyingine. Baba yako amepiga simu kunigombeza kwa kumficha, nikamsikiliza mpaka mwisho bila kukata. Unaona nilivyobadilika.

Bandeji imetoka tangu uondoke, na matone naweka kwa saa, kama ulivyoandika kwa ile kalamu yako ya maboksi juu ya kioo cha kabati. Herufi kubwa kama za duka la dawa! Nimezifuta kidogo kidogo, nikabakiza jina lako.

Sasa nikuambie. Kuta zangu ni za kijivu. Kijivu cha panya, Kobe! Nyufa kama ramani, na juu ya mlango kuna doa la maji ambalo limekaa pale sijui miaka mingapi, na watu wameingia na kutoka wakiniambia, "Mama, studio yako safi." Nimewasamehe. Fundi rangi anakuja Jumatatu, nimemwambia nyeupe, isiyong'aa, ya bafuni. Akauliza kwa nini ya bafuni na hapa si bafuni. Nikamwambia mpwa wangu amesema.

Barua zako nimezisoma upya zote, hata ile ya bluu. Kalamu haikuwa nyembamba.

Na jana asubuhi, jua likiwa dirishani, niliweka yai mezani, la mwisho katika yale uliyoniachia. Nikachuchumaa. Nikafumba la kushoto. Lina kivuli. Kinaanzia chini ya tumbo lake, taratibu, kinakwenda kushoto mpaka ukingoni mwa meza, na ndani yake si cheusi kama ulivyosema. Kuna buluu kidogo, ya mbingu, inayoingia dirishani. Hukuiona hiyo, kwa sababu kwenye picha nilikuwa nimelenga ukuta. Nilikaa pale nikikitazama mpaka chai ikapoa na magoti yakanigoma, ikabidi nimwite jirani aniinue.

Njoo uliangalie mwenyewe. Sitalila.

Shangazi yako